Nani aliijenga Tanzania? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia ya sekta ya ujenzi

Ukisoma historia ya ujenzi Tanzania kama inavyoandikwa kwenye ripoti, utakuta reli, madaraja, mabwawa na majina ya kampuni. Yote hayo ni kweli, ila ni nusu tu ya habari. Nchi hii ina sekta mbili za ujenzi zinazokwenda sambamba. Moja ina zabuni, mikataba na wahandisi. Nyingine ina fundi, saidia fundi, mwenye nyumba na daftari la madeni ya duka la vifaa vya ujenzi. Majibu yaliyo hapa chini yanajaribu kuziweka zote mbili kwenye meza moja.

Historia hii inaanza na Wajerumani?

Hapana, ingawa vitabu vingi vya shule huanzia hapo. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji wenye wajenzi waliobobea. Kipindi hichohicho, chini ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, palijengwa jumba la Husuni Kubwa, lenye nyua, ghala na bwawa la kuogea la pembe nane, likitazama bahari kutoka juu ya mwamba. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani nao ulipanuliwa zama hizo kwa nguzo na makuba. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981.

Walijengaje bila saruji wala nondo?

Kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Matumbawe yalikuwa ya aina mbili. Yale magumu yaliyochimbwa nchi kavu yalitumika kwenye kuta. Yale laini yaliyokatwa baharini yalichongwa yangali mabichi, kabla hayajakauka na kuwa magumu, nayo ndiyo yaliyotengeneza mihrabu, vizingiti na mapambo ya milango.

Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Magogo hupangwa duara, safu juu ya safu, vipande vya matumbawe vikamwagwa juu yake, kisha moto ukawashwa. Kinachobaki humwagiwa maji na kuachwa kilale kabla ya kuchanganywa na mchanga. Fundi mwenye haraka aliyeitumia chokaa ambayo haijalala vya kutosha aliona lipu yake ikipasuka na kubanduka.

Boriti ndiyo iliyoamua ukubwa wa chumba. Mti wa mkoko ni mgumu na hauliwi ovyo na mchwa, lakini hauna urefu wa kutosha, hivyo vyumba vingi vya majumba ya mawe ya pwani havifiki mita tatu kwa upana. Ukiingia kwenye nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe ukajiuliza kwa nini chumba ni kirefu na chembamba kama behewa, jibu liko juu ya kichwa chako.

Na bara je, hakukuwa na ujenzi?

Ulikuwepo, tena uliofuata hali ya hewa kwa akili nyingi. Wagogo walijenga tembe, nyumba ya paa bapa la udongo juu ya boriti, inayofaa Dodoma kwenye mvua chache na jua kali. Wahaya walijenga msonge mrefu wa nyasi kwa sababu kwao mvua hainyeshi kwa kubembeleza. Kuta za fito na udongo zilienea karibu kila mahali, na hadi leo hazijatoweka. Kazi ilikuwa ya ujirani: watu wanakuja, wanapikiwa, nyumba inasimama. Kwa kuwa hakuna aliyelipwa kwa risiti, hakuna takwimu za enzi hizo, na ndiyo maana watafiti wengi hupita hapa kwa mbio.

Wajerumani walileta nini hasa?

Walileta reli, na pamoja nayo dhana ya mkandarasi mkubwa kutoka nje. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, karibu kilomita 1,250, ikijengwa na kampuni ya Philipp Holzmann ya Ujerumani. Fedha, vyuma na wahandisi walitoka Ulaya. Mikono iliyochimba tuta na kubeba mataruma ilikuwa ya Waafrika, wengine kwa ujira mdogo na wengine kwa kulazimishwa.

Mjini walijenga maboma, hospitali ya Ocean Road na makanisa mawili ambayo bado yanatambulisha ufukwe wa bandari ya Dar es Salaam, la Mtakatifu Yosefu na la Azania Front. Wakaacha pia kitu kisichoonekana kwa macho, yaani kanuni za ujenzi zilizoligawa jiji. Kanuni za mwaka 1914 ziliweka maeneo matatu kulingana na aina ya jengo lililoruhusiwa. Hazikuhitaji kutaja rangi ya mtu, kwa kuwa gharama ya jengo ilitosha kuchuja nani akae wapi. Waingereza waliurithi mgawanyo huo, na majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yakaenea miji mingi ya nchi.

Waingereza waliendeleza sekta hii?

Kwa kusuasua. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na London haikuwa na hamu ya kumwaga fedha. Kazi za serikali zilifanywa na Idara ya Kazi za Umma, na nyingi za majengo mijini zilishikwa na makandarasi wenye asili ya Asia, waliokuja na mafundi wao wa uashi na useremala. Mwafrika aliingia kama kibarua, akatoka fundi kwa kutazama. Huo ndio mwanzo wa mfumo wa kujifunza uashi kwa kumshikia fundi ndoo ya zege, na haujafa mpaka leo.

Pale walipomwaga fedha waliharibu. Mpango wa kulima karanga kwa wingi ulioanza mwaka 1947 Kongwa, Nachingwea na Urambo ulizaa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zilishindikana, mpango ukafutwa mwaka 1951, na reli ile ikaja kung'olewa. Bandari ilibaki. Ni miongoni mwa mifano michache ya mradi uliokufa ukaacha kitu cha maana.

Ile nyumba ya vyumba sita na korido katikati ilitoka wapi?

Hakuna msanifu aliyeichora. Ilikua yenyewe kwenye miji ya pwani kisha ikafuata reli na barabara hadi Tabora, Ujiji na kwingineko. Mbele kuna baraza, katikati korido, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma uani penye jiko, stoo na choo. Mwenye nyumba analala chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha. Kuta zilianza kwa fito na udongo, zikapigwa lipu ya chokaa, baadaye zikageuka bloku. Paa lilianza kwa makuti, yakaja madebe yaliyonyooshwa, kisha bati.

Kwa maoni yetu huu ndio ubunifu mkubwa zaidi wa makazi katika historia ya nchi. Umewahifadhi watu wengi wa mjini kuliko mradi wowote wa serikali, na uliwapa wajane na wastaafu kipato kabla neno pensheni halijawafikia.

Uhuru ulibadilisha nini?

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 na kuanza kubomoa nyumba za makuti na kujenga mpya, Magomeni ikiwa mfano unaojulikana. Umiliki wa ardhi wa kudumu ulifutwa, ardhi ikawa ya umma. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji, na hapa ndipo nyumba ya bloku ilipoanza kuwa ndoto ya mtu wa kawaida. Kabla ya hapo saruji ilitoka nje kwa meli.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 dola iliingia yenyewe kwenye kazi. Shirika la umma la MECCO likawa mkandarasi mkubwa wa serikali. Mwaka 1971 Kitengo cha Utafiti wa Majengo kilianzishwa, kikahangaika na tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Benki ya Nyumba ilianza mwaka 1973. Mwaka huohuo iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa kuujenga mji huo. Wazee wa Dodoma waliishi na mamlaka hiyo, na migogoro yake ya viwanja, mpaka ilipovunjwa mwaka 2017.

Uamuzi uliotikisa zaidi ni wa Aprili 1971. Sheria ya utwaaji wa majengo ilizitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Jengo lililokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi halikulipwa fidia. Majengo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Unaweza kuitetea sheria ile kwa haki ya kijamii, na wengi bado wanaitetea. Upande wa ujenzi matokeo yake yalikuwa ya wazi: mwenye fedha aliogopa kujenga ghorofa la kupangisha, na katikati ya Dar es Salaam pakakaa miaka zaidi ya ishirini pakibadilika kidogo sana.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilikuwa na umuhimu gani kwa wajenzi wenyewe?

Mkubwa kuliko unavyotajwa. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kupitisha shaba. Nchi za Magharibi zilisema reli hiyo haina faida. China ilikubali, ikatoa mkopo usio na riba, na kazi ikafanyika kati ya mwaka 1970 na 1975. Reli ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976.

Kipande kigumu kilikuwa Mlimba hadi Makambako. Pale reli inapanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu kwa mfululizo wa madaraja na mahandaki, kwenye udongo unaoteleza na mvua isiyokatika. Makumi ya maelfu ya vijana wa Kitanzania walipita kwenye kambi zile. Walijifunza kusuka nondo, kumimina zege kwenye nguzo ndefu, kulipua miamba na kuendesha mitambo. Kazi ilipokwisha walirudi makwao wakiwa na ujuzi ambao hakuna chuo kilichowapa cheti chake. Kuna Wachina waliokufa kazini, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto.

Sambamba na reli palijengwa bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968, na barabara ya lami hadi Tunduma. Miaka ile michache ilikuwa chuo kikuu cha wazi cha ujenzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilifungua kitivo cha uhandisi mwaka 1973.

Zanzibar ilipitia njia hiyohiyo?

Ilikuwa na njia yake. Sultani Barghash alijenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883 kwa kuchanganya matumbawe ya kienyeji na nguzo za chuma zilizoagizwa nje, na vibaraza vyake vipana vikashangaza watu wa bandarini. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani Mashariki ilisaidia kuchora mji mpya Ng'ambo, na majumba marefu ya Michenzani yakaanza kuinuka, kila moja likiwa na urefu wa takriban mita 300. Wananchi walishiriki kwa kazi za kujitolea, ambazo si kila mtu alijitolea kwa hiari. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ikikarabatiwa na kuua watu wawili.

Kwa nini wazazi wetu wanasema saruji ilikuwa ya kibali?

Kwa sababu ilikuwa hivyo kweli. Kati ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na katikati ya miaka ya 1980, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Viwanda vilikosa mafuta na vipuri. Kiwanda cha Tanga kilianza kuzalisha mwaka 1980 na cha Mbeya mwaka 1983, lakini kuwa na kiwanda na kuwa na saruji dukani yalikuwa mambo mawili tofauti. Mtu aliandika barua, akapewa kibali cha mifuko kadhaa, kisha akaisubiri kwenye kampuni ya biashara ya mkoa. Mwenye mjomba ofisini alipata mapema. Bati lilikuwa hivyohivyo.

Tabia mbili zilizaliwa hapo. Moja ni kununua vifaa unapovipata hata kama huna kiwanja. Nyingine ni kupunja mchanganyiko ili mfuko mmoja utoe bloku nyingi. Uhaba ulikwisha zamani, ila tabia ya pili imebaki kwa ajili ya faida. Bloku iliyopunjwa utaitambua hata bila maabara: iache idondoke kutoka usawa wa goti, kisha tazama kama utaokota kipande au mchanga.

Sekta ya sasa ilianza lini?

Mageuzi ya uchumi yalianza mwaka 1986, na kufikia miaka ya 1990 mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa au kufa. Benki ya Nyumba ilianguka mwaka 1995. Makandarasi binafsi waliongezeka haraka, wengine wakiwa na ofisi ndani ya mkoba tu.

Baraza la Taifa la Ujenzi lilikuwepo tangu sheria ya 1979, na usajili wa makandarasi, wasanifu na wakadiriaji ulikuwa chini ya bodi moja ya mwaka 1972. Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria tatu mfululizo, namba 15 ya wahandisi, 16 ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na 17 ya makandarasi. Hizo ndizo zilizounda bodi tunazozijua leo. Makandarasi hupangwa madaraja saba, la kwanza likiwa la juu. TANROADS, wakala wa barabara kuu, ilianza mwaka 2000, sera ya sekta ya ujenzi ikatoka mwaka 2003, na wakala mwingine, TARURA, ukachukua barabara za vijijini na mijini mwaka 2017.

Kulikuwa na wasanifu wazawa wa kukumbukwa?

Wapo. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichora majengo ya kisasa tangu miaka ya 1950. Beda Amuli, aliyesomea Israel, ndiye aliyechora Soko la Kariakoo lililojengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Tazama paa lake: miavuli mikubwa ya zege iliyosimama juu ya nguzo, ikikinga mvua na jua huku upepo ukipita katikati. Moto wa Julai 2021 uliliharibu, nalo likaingia kwenye ukarabati mkubwa.

Kwa nini kuna mapagale mengi kila mji?

Kwa sababu pagale ni akaunti ya akiba. Mikopo ya nyumba ilikosekana kwa miongo, na hata baada ya sheria ya mwaka 2008 kuifungulia njia, riba ilibaki juu ya uwezo wa wengi. Kwa hiyo mtu anaanza na msingi. Mwaka unaofuata anapandisha kozi mpaka lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Anasimama, analipa ada za watoto, anarudi kupaua. Wengine huhamia kabla ya lipu na madirisha, wakaziba kwa mbao na shuka. Fedha iliyo kwenye bloku haikopwi na ndugu kirahisi, na shilingi ikishuka thamani bloku haishuki nayo.

Wachumi wengine huuona ujenzi huu kama upotevu. Sisi tunaona kwamba umejenga sehemu kubwa ya miji yetu. Kasoro yake iko kwingine: viwanja visivyopimwa, barabara zisizopitika na mifereji iliyosahauliwa. Mradi wa viwanja na huduma ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliotupa Sinza na Kijitonyama, ulipima kwanza ukawaachia watu wajenge wenyewe. Pita Sinza leo ulinganishe na mitaa iliyojengwa kabla ya kupimwa.

Kwa nini maghorofa huanguka?

Jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara Kariakoo liliporomoka na kuua zaidi ya watu 20.

Kila tukio lina uchunguzi wake, lakini mafundi wenyewe wanayajua mambo yanayojirudia. Ghorofa zinaongezwa kuliko msingi ulivyokusudiwa. Mirunda inatolewa kabla zege halijakomaa. Nguzo inakatwa ili duka lipanuke. Kibali kinatoka kwa jina la mkandarasi aliyesajiliwa huku kazi ikifanywa na mwingine. Kariakoo ina jambo la ziada: tangu miaka ya 1990 nyumba za vyumba sita zilivunjwa na maghorofa kusimama kwenye viwanja vilevile vidogo, mara nyingi kwa ubia kati ya mwenye kiwanja na mwenye fedha. Wawili hao wote wanataka fremu za maduka nyingi kadiri inavyowezekana, na hakuna kati yao anayekusudia kulala ghorofa ya chini.

Baada ya miaka yote hii, kwa nini miradi mikubwa bado inakwenda kwa wageni?

Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilijengwa na kampuni za Misri. Vipande vya reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, vilivyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ni kazi ya Waturuki. Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lililofunguliwa Juni 2025, lilijengwa na Wachina. Orodha hii haitofautiani sana na ile ya mwaka 1905.

Sababu si ujuzi peke yake. Wahandisi wa Kitanzania wamo kwenye miradi yote hiyo. Tatizo ni dhamana ya benki, mtaji wa mitambo, kigezo cha kuwa umewahi kufanya kazi ya ukubwa uleule, na masharti ya mikopo ambayo mara nyingi huja na mkandarasi wake. Mkandarasi mzawa akilipwa kwa kuchelewa anauza greda ili alipe riba, na zabuni inayofuata inamkuta hana greda.

Sheria ya manunuzi ya mwaka 2023 pamoja na kanuni zake ilipandisha ukomo wa kazi zinazotengwa kwa kampuni za wazawa kutoka shilingi bilioni 10 hadi bilioni 50. Ni hatua kubwa kwenye karatasi. Itazaa matunda endapo kampuni hizo zitalipwa kwa wakati, na endapo hazitageuka kuwa mabango ya wageni walewale.

Nataka kujenga. Nianze na mkandarasi au fundi?

Nyumba ya chini isiyo na ghorofa watu wengi hujenga na fundi, na fundi mzuri anatosha kama una ramani, kibali na mtu wa kukagua msingi na lenta. Mpime kwa kazi zake za nyuma, hasa nyumba aliyoimaliza miaka mitano iliyopita. Ukiingia kwenye ghorofa, tafuta mkandarasi, na uhakiki usajili wake kwenye bodi mwenyewe badala ya kutegemea nakala ya cheti anayokuonyesha. Bodi hizo ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na mamlaka zake.